Maneno ya Kujazia

"Shuka hapa, Mongia! Shuka, usinisemeshe kutoka dirishani kama unaniuzia dagaa!"

"Nishuke nifuate nini? Nina chungu mekoni. Sema hapo hapo ulipo, sauti yako inafika mpaka Hammamet."

"Mwambie binti yako aiondoe ile takataka yake!"

"Takataka gani? Taka za nyumba hii nimezitoa mwenyewe jana."

Kicheko kilipasuka juu ya paa la Rafika, ambako wanawake wa uchochoro walikuwa wamekaa wakichambua maua ya mchungwa. Ilikuwa Jumapili ya msimu wa maua, na mji mzima wa Nabeul ulikuwa unakeneka maji ya maua hayo. Kila nyumba ilikuwa na mtungi wake wa shaba motoni, na harufu ilikuwa imetuama kati ya kuta nzito kama ya chumba cha bibi harusi. Siku kama hizo kila mtu yuko nyumbani. Mikono ina kazi lakini masikio hayana. Kama Bi Zbeida alitaka siri, basi alikosea siku, akakosea saa, na sauti ndiyo usiseme.

"Unajifanya hujui," Bi Zbeida alisema, akiinua simu yake juu kama askari aliyekamata mwizi. "Olfa ameweka jina la nyumba yangu mtandaoni, na chini yake kaandika maneno ya kihuni! Wakwe zangu watarajiwa wameyaona! Alhamisi tunasoma Fatiha ya posa, na leo asubuhi shangazi wa Emna, mchumba wa mwanangu, ananipigia simu, ananiuliza, eti Bi Zbeida, huyo mwenye kidoti ni nani?"

"Kidoti gani tena?" Rafika aliuliza kutoka juu, shingo imemtoka kama kuku.

Hapo ndipo Bi Zbeida alipofanya kosa ambalo mtaa ule utalicheka mpaka wajukuu. Kwa hasira, na kwa kutaka kila mtu auone uhuni wenyewe, akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"'Nikifumba macho nakuona, nikiyafumbua nakutafuta. Kile kidoti chako cha chini ya sikio ndicho kinachoninyima usingizi. Nipe mwaka mmoja nikuoe; usiponipa, nitangoja miwili, na nitangoja nikiwa hapa hapa mlangoni kwako.' Haya! Mmesikia?"

"Hatujasikia vizuri huku, Bi Zbeida! Hebu rudia pale pa usingizi!"

Juu, nyuma ya mgongo mpana wa mama yake, Olfa alikuwa amekaa kitandani, kompyuta mapajani, magoti yameinuka mpaka kidevuni. Alikuwa anatabasamu. Utamu aliousikia moyoni ulikuwa wa namna yake, kama wa kumtumbua mtu jipu alilokuwa akilificha kwa bandeji ya hariri. Aliyangoja makelele haya tangu siku aliposikia habari ya Fatiha kwa Rafika, tena sokoni, mbele ya watu, mkononi ameshika fungu la kotimiri.

Olfa kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Hakuwa na bosi wala ofisi. Alikuwa na chumba hicho, dirisha hilo, na wateja waliomjia mmoja mmoja kwa kuambiana. Na kama ilivyo kwa kila fundi wa kazi hiyo, alikuwa na ukurasa wake mwenyewe wa kuonyesha alizokwisha kuzifanya, ili mteja mpya akija aone mkono wake. Ukurasa huo aliuita Kazi Zangu. Kila kazi ilikuwa na picha yake, na chini ya picha sentensi moja ya maelezo.

Waliomjua vizuri walizisoma sentensi zile kama umbea. Daktari wa meno aliyemkemea kila siku kwa simu: "Mteja alitaka weupe zaidi ya weupe; tulifika mahali pakawa hapaonekani kitu." Mwenye shule ya udereva aliyebadilisha mawazo kila alipoamka: "Kazi hii ilipinda kulia mara nyingi kabla ya kufika." Mwenye nyumba ya wageni ya Kelibia, aliyemtaka achore bahari mahali ambapo dirisha linatazama karakana: "Mandhari ni ya kubuni." Hakutukana mtu. Aliyemtendea wema alikaa juu, aliyemtendea ubaya aliteremka chini, na wote walibaki pale, kwani kazi ilikuwa yake na aliifanya kwa jasho lake.

Kazi moja tu hakuwahi kuiweka. Dar Belkahla, biashara ya maji ya maua ya mchungwa nyumbani kwa Bi Zbeida.

Aliifanya kwa ajili ya Wajdi. Wajdi mwana wa Bi Zbeida, mrefu, mpole, mwenye kope ndefu ambazo wanawake wa mtaa walisema zimepotea njia, zilikuwa za mwanamke. Alikuja mara ya kwanza na sanduku la picha za babu yake. Akaja tena na chupa za maji. Halafu akawa anakuja bila kitu, anakaa dakani, hapo ndani ya mlango, kwenye benchi la vigae, na Bi Mongia anajikohoza jikoni ili wakumbuke kwamba yupo.

Siku moja Olfa alikuwa amepanga ukurasa wa mbele, masanduku yote ya maandishi tayari, maneno hakuna. Wenzake wa kazi ile, maneno yakiwa bado, hujaza maneno yoyote yasiyo na maana, ili waone tu herufi zinavyokaa. Akamgeuzia Wajdi kompyuta.

"Andika chochote hapo. Cha kujazia tu."

"Chochote?"

"Chochote. Tutakifuta."

Wajdi aliandika polepole, kwa vidole viwili, akimtupia jicho shingoni kila baada ya neno. Olfa aliposoma, masikio yalimwaka moto. Alinyoosha mkono achukue kompyuta, vidole vyao vikagusana, na hakuna aliyeviondoa vyake mpaka Bi Mongia alipokohoa kwa nguvu ya mtu aliyekabwa na mwiba.

Maneno yale yalifutwa, kweli, yakawekwa ya biashara. Lakini kabla ya kufuta, Olfa aliipiga picha rasimu ile na kuihifadhi. Ilikuwa barua yake ya kwanza ya mapenzi, na iliandikwa chini ya nembo ya Dar Belkahla.

Kisha Bi Zbeida akajua. Akasema hamtaki msichana anayezungumza na wanaume asiowajua kutwa nzima kwa simu na kukiita kitendo hicho kazi. Akamnyang'anya tovuti, akampa mpwa wake aitengeneze upya. Mpwa akaiharibu mpaka ikazimika. Na Wajdi? Wajdi hakuja kusema neno. Alibadilisha njia. Akawa anazungukia msikitini ili asipite mlangoni kwa Olfa, na siku walipokutana ana kwa ana dukani kwa muuza mikate, aliitazama mikate.

Kwa hiyo aliposikia habari ya Fatiha, Olfa alirudi nyumbani, akaweka kotimiri mezani, akapanda juu, na kuiweka picha ile kwenye Kazi Zangu. Juu kabisa. Kubwa. Alijua wakwe watapekua. Siku hizi hakuna shangazi anayeuliza habari za mposaji kwa majirani bila kwanza kuuliza simu yake. Na kwa kuwa mpwa alishaiua tovuti yenyewe, mtu akitafuta Dar Belkahla hapati kitu kingine ila picha ile.

Chini yake aliandika: "Rasimu ya kwanza. Maneno ni ya mteja mwenyewe."

* * *

Bi Zbeida alipochoka aliondoka akiapa kwamba atarudi. Hakurudi yeye. Adhuhuri, mvuke wa kuskusi umeshaanza kujaa nyumba nzima, mlango uligongwa taratibu, na Bi Mongia alipofungua aliita.

"Olfa! Kuna mtu."

Hakusema nani, na Olfa akajua ni nani.

Wajdi alikuwa amesimama pale pale dakani. Amekonda. Shati lilikuwa limepigwa pasi na mtu mwingine, maana mikunjo ilikuwa mikali kuliko tabia yake. Olfa alikuwa amejiandalia matusi ya siku hii kwa muda mrefu, tena mazuri, yaliyopangika. Alipomwona anaondoa nywele machoni kwa kile kidole chake cha shahada, mengine yakamtoroka.

"Mlango ubaki wazi," Bi Mongia alisema, akaenda jikoni. Hakukohoa safari hii. Alikuwa anasikiliza.

"Umekondeana," Wajdi alisema.

"Umekuja kunipima?"

"Olfa, usinifanyie hivi."

"Nimekufanyia nini? Jina lako haliko pale. Mimi nimeweka kazi yangu. Maneno ni ya mteja. Au siyo yako?"

"Ni yangu."

"Basi shida iko wapi? Mwambie mama yako akatae kwa sauti. Asubuhi sauti alikuwa nayo."

Wajdi aliketi kwenye benchi bila kuambiwa. Aliweka viwiko magotini, akainamisha kichwa, na Olfa akakiona kisogo chake, kile kisogo alichokuwa akikitazama kikipinda kona ya msikiti siku zote zile. Alitaka kukipiga. Alitaka kukishika pia, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

"Ulipita mtaa mwingine," alisema, na sauti yake ikaanza kutetemeka bila ruhusa. "Hukunijia useme, Olfa, mama amekataa, nimeshindwa. Ningelia nikanyamaza. Wewe ukatazama mikate, Wajdi. Mimi nimesimama hapo, wewe unatazama mikate!"

"Niliona haya."

"Haya yako ndiyo ilinipikia chakula? Ilinibembeleza nilale?"

"Sijamsahau mtu yeyote mimi." Aliinua kichwa, na yale macho yakafanya kazi yake ya siku zote. "Emna ni chaguo la mama. Msichana mzuri, ana duka lake la dawa Korba, sina neno naye. Lakini yale niliyokuandikia hapa sijamwandikia mtu mwingine. Naapa. Siwezi. Yale yalitoka mara moja, na yalitoka kwako."

Jikoni, mwiko uliacha kugonga chungu.

"Unataka nini?" Olfa aliuliza polepole.

"Ifute ile picha. Mambo yapoe. Halafu nitaongea na mama, nitamwambia Emna siwezi, nitakuja na wazee wangu kupitia mlango huu huu."

"Mwambie mama yako leo. Sasa hivi. Yuko hapo ng'ambo, kelele zake nazijua, atakuwa nyuma ya pazia."

"Futa kwanza, Olfa."

"Kwa nini kwanza?"

"Ili nipate pa kuanzia. Nikienda sasa ataona umenilazimisha." Akasimama, akamkaribia hatua ndogo, akalitazama lile doa chini ya sikio lake la kushoto kama zamani. "Nilikuambia nitangoja. Ni mimi niliyechelewa tu. Hujui jinsi ulivyonikosesha usingizi."

Wenye moyo wa jiwe na watucheke. Olfa alipanda juu, akashuka na kompyuta, akaketi kwenye benchi la vigae pale pale walipokaa siku ile. Akafungua Kazi Zangu. Picha ilijaa kioo. Hasira yote aliyoilea ilikuwa imemlainikia mikononi kama mkate uliotumbukizwa kwenye mchuzi. Alijidharau na bado kidole kikaenda kilipotakiwa kwenda. Bonyezo moja tu lilibaki.

"Hodi wenyewe?"

Msichana alikuwa amesimama kizingitini, miwani ya jua kichwani, funguo za gari mkononi. Alikuwa mfupi, mwenye uso wa mtu aliyelala vibaya na akaamua hivyo hivyo kuendesha gari. Alimwona Wajdi kwanza. Wajdi akawa mweupe kama unga wa kuskusi.

"Emna," alisema. "Umefuata nini huku?"

"Nami ningekuuliza hivyo hivyo, lakini sikuja kwako." Akageuka. "Wewe ndiye Olfa?"

"Ndiye mimi." Olfa alisimama, mabega yameshajiandaa kwa vita. "Kama umekuja kunitukana, subiri mama atoe chungu motoni. Hapendi kukosa."

"Nisikie kwanza, dada yangu. Nina ombi moja tu, la ajabu kidogo." Emna alitia funguo mfukoni. "Hebu inua nywele."

"Nini?"

"Hapo sikioni. Tafadhali."

Olfa hakuelewa, lakini kulikuwa na kitu katika sauti ile kisichokuwa cha ugomvi. Alizikusanya nywele, akazinyanyua. Emna alisogea karibu, akatazama chini ya sikio, akatazama sana, kisha akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kikawa kikubwa, kikafika mahali ambapo Olfa hakuweza kujua kama bado ni kicheko.

"Kumbe kipo," alisema. "Kumbe kilikuwa huku Nabeul. Na mimi nikakitafuta!"

"Ulikitafuta wapi?"

"Kwangu! Kwenye kioo! Mwanzo wa majira ya baridi aliniandikia, usiku mzima sikulala kwa furaha: kile kidoti chako cha chini ya sikio ndicho kinachoninyima usingizi. Nikasema mbona sina kidoti? Nikamwita mama, nikamwambia nichungulie, Mama, labda kiko nyuma mimi sikioni. Mama akavaa miwani. Tukawasha taa. Hakuna! Nikajiambia, mapenzi haya, labda huyu kijana anaona vitu ambavyo sisi hatuvioni." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mpaka nikajichora kwa wanja, dada yangu. Nikitoka naye, najichora."

Olfa alimgeukia Wajdi taratibu sana.

"Hujamwandikia mtu mwingine," alisema.

"Olfa..."

"Umeapa. Sasa hivi. Hapo ulipo."

"Si vile mnavyofikiri." Wajdi aliangalia mmoja, akaangalia wa pili, kama mtu anayetafuta upande wenye mlango. "Nilikuwa na kazi nyingi zile siku. Msimu wa machungwa ulikuwa umeanza, mama ananisukuma, andika kitu, mwandikie msichana kitu kizuri. Yale nilikuwa nayo. Yalikuwa mazuri. Nilidhani..."

"Ulidhani utabadilisha kidoti," Emna alimalizia.

"Nilisahau."

Alisahau. Siku zote hizi, katika uchungu wote, kitu kimoja Olfa alikuwa amekiweka salama: kwamba mtu yule alimwacha kwa woga, lakini maneno yalikuwa yake, yametoka mara moja, hayatatoka tena. Sasa aliyaona yalivyokuwa. Yalikuwa ya kujazia. Sanduku tupu likitokea, yanamwagwa humo, herufi zikae vizuri.

Moyo uliolainika ukaganda tena, safari hii bila kelele.

Akaketi. Akavuta kompyuta mapajani.

"Unafanya nini?" Wajdi aliuliza. "Olfa, umesema utaifuta."

"Wewe ndiye umesema. Mimi nilikuwa nafikiria." Vidole vilishaanza kwenda. "Emna, nikiandika kitu hapa, kitakudhuru?"

"Andika," Emna alisema, akaja kuketi karibu naye kwenye vigae, bega kwa bega, ili asome. "Alhamisi mimi sina shughuli tena."

"Bi Mongia!" Wajdi aliita kuelekea jikoni, kama mtoto anayeitisha mzazi aje kuamua. "Waambie wasifanye mambo ya kitoto!"

Jikoni, mwiko ulianza tena kugonga chungu.

Chini ya picha ya Dar Belkahla Olfa alifuta sentensi ya zamani, akaandika mpya. "Maneno ni ya mteja mwenyewe, huwapa wote, na hayapimi kichwa cha mvaaji." Emna alitikisa kichwa, akasema hapana, hiyo wataielewa nusu tu, waandikie wazi. Olfa akafuta. Akaandika: "Kina dada, mkiletewa maneno haya, kwanza jitazameni chini ya sikio."

"Hiyo," Emna alisema.

Olfa akabonyeza.

Haikupita muda, kwa sababu Rafika tangu asubuhi alikuwa ameuacha ukurasa ule wazi kwenye simu yake kati ya maua, na kila alipopumzika aliuangalia tena.

"Ee jamani, imebadilika!" sauti yake ilianguka kutoka paani. "Someni chini! Someni chini ya picha! Mwanamke, wewe, jitazame sikio!"

Paa zima likalipuka. Kwingine dirisha lilifunguliwa, na lingine, na katikati ya vicheko vile ikapanda sauti ya Bi Zbeida, nyembamba, imekatika: "Wajdi! Wajdi, njoo nyumbani! Umefanya nini? Njoo hapa!"

Wajdi alisimama katikati ya daka, mikono imening'inia, masikio mekundu. Alimtazama Olfa, na Olfa akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kope zilikuwa zile zile. Ni yeye tu aliyepungua.

Bi Mongia akatokea, ametanda taulo begani, uso umetota kwa mvuke. Katika uchochoro ule, chakula kikiiva na mtu yuko mlangoni kwako, unamkaribisha, awe nani. Bi Mongia alishawahi kumlisha mpaka mtu aliyekuja kumkatia umeme. Wajdi alilijua hilo tangu utotoni, na alimgeukia akiwa na tabasamu dogo, la mtu anayeomba angalau hiyo.

"Mama yako anakuita, Wajdi," Bi Mongia alisema. "Nenda. Na ukitoka usibane sana mlango, bawaba zake ni mbovu."

Akangoja mpaka kijana akavuka kizingiti, mpaka kelele za uchochoroni zikampokea. Olfa alikuwa amefunga kompyuta, na machozi aliyoyazuia mbele yake yalikuwa yameanza kushuka sasa, bila haraka. Emna aliinuka, akatafuta funguo zake, akasema nusu ya neno kuhusu barabara ya Korba.

"Funguo za nini?" Bi Mongia alimshika kifundo cha mkono. "Gari halina njaa. Kuskusi nimeshaimwagia mchuzi, na samaki ni wa leo. Olfa, mwanangu, jifute uso umwonyeshe mwenzio pa kunawia. Ingieni ndani, ingieni tule."